Nilifuta 94, nikaandika 100

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 20, mzaliwa wa mtaa wa Langoni, Lamu, na ninasoma mwaka wa kwanza wa uhandisi wa chakula katika chuo kimoja kilichoko bara, si mbali na Nairobi. Ninakuandikia nikiwa nyumbani kwa likizo, na sina utulivu wa moyo.

Niliichagua kozi hii kwa sababu ya mama yangu. Yeye hupika achari na jemu ya maembe ngowe kwa ajili ya kuuza, na tangu nikiwa mdogo nimemwona akihangaika na jambo moja: siku nyingine jemu hushika vizuri, na siku nyingine, kwa sukari ile ile na muda ule ule jikoni, hutoka majimaji ikarudishwa na wateja. Nilitaka nisome nijue sababu. Sikujua kwamba kabla ya kufika kwenye jemu nitapitishwa kwanza kwenye fizikia, na kwamba fizikia yenyewe itakuwa ya kupima, kuandika na kuhesabu makosa. Shule niliyosoma sekondari ilikuwa na venia kalipa (kifaa cha kupimia urefu na kipenyo) mbili kwa wanafunzi zaidi ya 40, na karatasi ya tatu ya fizikia, ile ya vitendo, niliifanya kwa kubahatisha.

Katika wiki ya pili ya maabara tuliambiwa tuhakiki themomita kwa maji yanayochemka. Maji yangu yalitokota kwa nguvu, lakini themomita ikasimama kwenye 94. Nikangoja, nikabadilisha themomita, ikasimama pale pale. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100, na mimi tangu darasa la tano najua hivyo. Nikaona aibu, nikafuta 94, nikaandika 100. Ripoti iliporudi, namba hiyo ilikuwa imezungushiwa duara kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: «Hukuiona hii.» Nilipata alama 4 kwa 10.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kupima mnato, yaani uzito wa kutiririka, wa gliserini kwa kuangusha gololi ndogo za chuma na kuzihesabia muda. Mimi na mwenzangu tulipata 0.97, nasi tulipotazama jedwali la kitabu tukakuta 1.41. Kwa hofu ya duara jekundu tuliazima nyakati za kundi jingine tukazinakili. Huko nako tukakamatwa.

Juu ya hayo, kila namba tunatakiwa tuiandikie pembeni «kujumlisha au kutoa» kiasi fulani. Mwalimu, mimi naona hiyo ni kama kukiri kwa maandishi kwamba sijui ninachokifanya. Je, nihamie kozi isiyokuwa na maabara, kama biashara? Au iko njia ya mtu kama mimi kujifunza? Na yule mkufunzi wa maabara, nimkabili vipi tukifungua chuo?

Mwanafunzi wa Langoni, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitaanza na ile 94, kwa sababu ndiyo namba bora kuliko zote ulizopata kuandika katika daftari lako, na ndiyo uliyoifuta.

Maji huchemka pale kanieneo, yaani msukumo, ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyoyakalia kwa juu. Hapo Lamu, usawa wa bahari, hewa hiyo hukandamiza kwa takribani kilopaskali 101, na maji hayana budi kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Ukipanda mpaka mita 1,700, ambako ndiko uliko uwanda wa Nairobi na viunga vyake, hewa iliyobaki juu ya kichwa chako ni chache zaidi, kanieneo yake ni kama kilopaskali 82, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 na ushei. Themomita yako ilisema kweli, na ile ya pili uliyoichukua ikaja kuwa shahidi wake. Kitabu nacho hakikusema uongo. Kilikuwa kinazungumzia kwenu Lamu, wewe ukakisoma ukiwa bara. Mkufunzi wako alipoandika kwamba hukuiona ile 100 hakuwa anakukejeli. Alijua kwamba mahali pale hakuna aliyewahi kuiona kwenye sufuria iliyo wazi.

Sasa uyarudishe hayo kwenye jiko la mama yako, kwa maana jibu la swali lililokupeleka chuoni limo ndani ya namba uliyoifuta. Jemu huwa tayari sukari yake inapofikia takribani asilimia 65, na kadiri maji yanavyozidi kuondoka na sukari kukolea, ndivyo halijoto ya kuchemka inavyopanda. Kwa usawa wa bahari, jemu iliyokamilika huchemka kwa nyuzi 104 hadi 105. Mama yako hupima kwa saa, na saa haijui embe la leo lina maji kiasi gani, wala jiko la leo lina moto kiasi gani. Ndiyo maana muda ule ule humpa jemu mbili tofauti. (Ukomavu wa embe na ukali wake, yaani asidi, vina sehemu yao pia katika kushika kwa jemu, lakini hilo utafundishwa katika kemia.) Mtumbukizie themomita iliyohakikiwa, aache kuhesabu dakika, aepue inapofika 105. Lakini ukiipika jemu hiyo hiyo chuoni usingoje 105, utaiunguza. Cha kushika ni ile tofauti ya nyuzi 4 hadi 5 juu ya maji matupu yanavyochemka mahali ulipo, na huko uliko hiyo ni nyuzi 98 au 99. Kumbe mpishi asiyejua maji yake yanachemka kwa ngapi hawezi kuijua jemu yake, na wewe ulikwisha kujua, ukafuta.

Kwenye jemu hasara ni sukari na kuni. Kwenye kopo la samaki hasara ni roho za watu. Chakula cha kopo kisicho na ukali hupikwa chini ya kanieneo ili kuua spora (mbegu sugu) za Clostridium botulinum, bakteria watoao sumu ya kuua, na kipimo kinachotumiwa viwandani hujengwa juu ya nyuzi 121. Kila halijoto inaposhuka kwa nyuzi 10, kasi ya kuziua spora hizo hupungua mara kumi. Ukifanya hesabu ya hapo katikati utaona kwamba themomita inayosoma nyuzi 2 zaidi ya ukweli, jambo ambalo jicho haliligundui, hukuachia asilimia 63 tu ya uuaji uliodhani umeupata. Tazama na geji ya otoklevu, chungu cha kupikia makopo kwa mvuke uliobanwa: hiyo huonyesha kanieneo iliyozidi ile ya hewa ya nje, haionyeshi kanieneo yote. Geji ikisoma bar 1, yaani kilopaskali 100, hapo Lamu, mvuke ulio ndani una nyuzi 120. Geji hiyo hiyo ikisoma bar 1 huko chuoni kwako, mvuke una nyuzi 117. Nyuzi 3 hizo hupunguza uuaji ukabaki nusu, kwa dakika zile zile na sindano ya geji ikiwa pale pale. Ukiuliza kwa nini mhandisi wa chakula alazimishwe kusoma fizikia, mimi huanza na mfano huu, na mara nyingi huwa sihitaji wa pili.

Nije kwenye gliserini. Jedwali lako linasema 1.41 paskali sekunde, kizio cha mnato, na mbele ya namba hiyo, katika kila jedwali la kuaminika, pameandikwa nyuzi 20. Gliserini ni kitu kinachobadilika mno kwa joto: kwa nyuzi 25 mnato wake hushuka hadi takribani 0.93 au 0.95, na kwa nyuzi 30 hubaki kama 0.61. Ninyi mlipata 0.97. Katika barua yako yote hukuniambia gliserini ilikuwa na joto gani, nami nakisia kwamba hata daftarini hakuna safu ya halijoto. Kama maabara ilikuwa na nyuzi 24 na kitu, kama inavyokuwa alasiri ya jua, basi kipimo chenu kilikuwa kizuri kwa kiwango cha kupongezwa, nanyi mkakitupa mkaenda kuazima cha wenzenu. Sina njia ya kukuthibitishia hilo, na wewe pia huna tena, kwa sababu namba moja iliyokosekana imeziharibu zote nyingine. Kuanzia leo, usipime kitu chochote cha chakula, kiwe mnato, densiti (uzito kwa ujazo) au kiasi cha sukari, bila ya kuandika kwanza halijoto yake.

Katika jaribio hilo hilo kuna jambo jingine la kulitazama kwa karibu. Mnato hupatikana kwa kipenyo cha gololi kilichozidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kosa la kipenyo huingia mara mbili. Gololi ya milimita 2 ukiipima kwa rula, huwezi kuapa kwa chini ya nusu milimita, na hiyo ni robo nzima ya kipenyo. Mnato utakaoupata unaweza kukosea kwa nusu. Ukiipima kwa mikromita, yenye kusoma sehemu ya mia ya milimita, kosa la kipenyo huwa nusu asilimia, na la mnato asilimia 1. Wanafunzi wengi hutumia saa nzima kubonyeza saa ya kusimamisha kwa uangalifu mkubwa, kisha gololi wakaipima kwa rula kwa sekunde tano.

Hapo ndipo ilipo maana ya «kujumlisha au kutoa» inayokukera. Wewe umeiona ni kukiri ujinga. Mimi nakwambia ni kiapo: unamwambia anayesoma kwamba ukweli umo kati ya hapa na hapa, na kwamba kwa zaidi ya hapo huwezi kumhakikishia. Watu wa pwani hawakuwa wageni wa jambo hili. Wazee wetu walipima nguo kwa shibiri na dhiraa, na nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kila mnunuzi alijua kwamba mkono wa huyu si mkono wa yule. Ndiyo maana watu walibishana juu ya mkono wa nani utumike. Shaka ya kipimo ilikuwepo siku zote. Tunachofanya maabara ni kuiandika kwa namba.

Chukua mfano mmoja uufanye kwa mkono wako. Umechuja juisi ya embe, ukatia mililita 50 katika silinda ya kupimia, mizani ikakuonyesha gramu 53.0. Mizani hiyo ina shaka ya gramu 0.1, ambayo ni asilimia 0.2, silinda ina shaka ya mililita 1, ambayo ni asilimia 2. Densiti yako ni 1.06, kujumlisha au kutoa 0.02, na karibu shaka yote imetoka kwenye silinda. Kwa hiyo hata ukiazimwa mizani ya bei ya nyumba, jibu lako halitakuwa bora hata kidogo. Ukiiacha silinda ukatumia chupa ya ujazo, ile yenye shingo nyembamba na mstari mmoja, ambayo shaka yake ni kama mililita 0.05, mizani ile ile ya zamani itakupa 1.060, kujumlisha au kutoa 0.002. Umeongeza uhakika mara kumi kwa kubadilisha chupa moja. Mtu asiyeandika shaka zake hawezi kujua pesa za maabara azitie wapi. Na ukiwa na 1.06 ya silinda, usiniandikie 1.0600 kwa sababu tu kikokotoo kimekuonyesha. Tarakimu usizozipima si zako.

Kuna makosa ya aina mbili, na umejifunza yote mawili kwa wavuvi wa kwenu Lamu kabla ya kwenda chuo. Samaki akipimwa ndani ya mashua inayoyumba, mizani husoma juu mara hii na chini mara ile. Hayo ni makosa ya nasibu, na ukipima mara kumi ukachukua wastani hupungua. Mizani ya gatini ambayo haianzi kwenye sifuri, hata ukiipimia mara elfu, itakudhulumu mara elfu kwa kiasi kile kile. Hilo ni kosa la mfumo, na wastani hauliponyi. Huondolewa kwa kuhakiki tu, yaani kukilinganisha chombo na kitu ambacho ukweli wake unajulikana. Ndiyo kazi mliyopewa katika wiki ile ya pili, na ndiyo maana kufuta namba katika jaribio la kuhakiki ni kosa zito kuliko kuifuta katika jaribio jingine lolote: themomita ile ingetoka hapo imeshuhudiwa uongo.

Nitakusimulia jambo lililonipata, kwa sababu nataka ujue kwamba silisemi hili kwa ukali wa mwalimu peke yake. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha maziwa huko bara. Maziwa yalipitishwa kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15, na karani wa zamu alitakiwa asome themomita kila baada ya nusu saa na kuandika. Siku moja nilimpokea mwenzangu zamu saa nane mchana, nikakuta karatasi imekwisha kujazwa, 72, 72, 72, kwa mwandiko mzuri ulionyooka, mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilikwenda kwenye mashine yenyewe nikakuta inasoma 68. Tulimwaga maziwa ya mchana ule kwa sababu hatukuweza kujua yalianza kushuka saa ngapi; karatasi ambayo kazi yake ilikuwa kutujulisha haikutufaa kitu. Mwenzangu yule hakuwa mtu mbaya. Alizoea tangu chuoni kuandika namba inayotarajiwa.

Na hapa nitasema neno juu ya walimu, nami ni mmoja wao. Tunapompa alama nyingi mwanafunzi ambaye jibu lake limelingana na kitabu, na chache yule aliyepima kwa uaminifu akapata jingine, tunafundisha kunakili, kisha tunaadhibu kunakili. Mkufunzi wako hakufanya hivyo. Alikuadhibu kwa kufuta, na nina hakika angekupa alama kwa 94 kama ungeiacha. Mshukuru. Wengi hawakumpata wa namna hiyo.

Usihame kozi. Mtu aliyengoja, akabadilisha themomita, akapima tena kabla ya kukata tamaa, ana tabia ya mpimaji. Kilichokosekana ni ujasiri wa kuuamini mkono wake. Chuo kikifunguliwa, nenda ofisini kwa mkufunzi kabla ya darasa la kwanza, peke yako, umwambie kwa maneno machache kwamba 94 uliiona ukaifuta, na kwamba nyakati za gliserini zilikuwa za watu wengine, kisha umwombe ruhusa ya kuyarudia majaribio yote mawili hata kama hakuna alama. Usimpelekee hadithi ndefu ya sekondari na venia mbili. Ni kweli, lakini haielezi kufuta. Nunua daftari lililoshonwa, si karatasi za kuchomoa, uandike kwa kalamu ya wino. Namba ukiishuku, ipige mstari mmoja ili isomeke bado, na pembeni uandike kwa nini umeishuku.

Na kabla likizo haijaisha, fanya kazi moja hapo nyumbani. Wavuvi wa kwenu wakienda baharini hubeba barafu. Waulize kwa nini wanabeba kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Hesabu itakwambia kwamba kilo moja ya barafu hunyonya kilojuli 334 inapoyeyuka, na kilo moja ya samaki kuishusha kutoka nyuzi 28 hadi sifuri kunahitaji kama kilojuli 100, kwa hiyo barafu hiyo ingetosha kilo tatu. Baridi ya kilo mbili zilizobaki imekwenda wapi? Weka mkono wako kwenye ubavu wa sanduku la samaki saa sita mchana, utalipata jibu.

Kisha waombe kipande cha barafu. Igandishe upya ya kwako kama yao ina chumvi, kwa maji ya jabia, maana chumvi hushusha nyuzi. Iponde, uitie kwenye bilauri na maji kidogo, ukoroge, utie themomita, ungoje dakika tano mpaka isimame, usome macho yako yakiwa sawa na mstari, si kwa juu wala kwa chini. Andika. Halafu chemsha maji katika sufuria ya mama yako, ncha ya themomita isiguse chini ya sufuria, ungoje isimame, uandike tena. Tuseme umepata 0.5 na 99.0. Basi siku mama yako atakaposoma 104 kwenye jemu, utatoa 0.5, utazidisha kwa 100, utagawanya kwa 98.5, na utamwambia kwamba jemu yake iko 105, aepue.

Ukirudi bara, rudia ya maji kwa themomita hiyo hiyo, kisha uniandikie namba zote tatu kama utakavyozikuta, kila moja na shaka yake.